Mwaka Tuliokausha Mpunga

6 Magh

Ukungu tangu alfajiri, na baridi ya mwezi wa Magh, ya kuuma mifupa. Mitu, binti yangu wa mwisho, amemaliza shule akaacha daftari lenye kurasa nyingi tupu. Nimelichukua mimi. Humu nitaandika kila kituko cha Shefali, mke wa mwanangu Anwar, tangu leo tulipopandikiza mpunga hadi siku ya kuvuna, ili mambo yakiharibika niwe na ushahidi wenye tarehe.

Kituko cha kwanza hiki hapa. Tulipomaliza kupandikiza, wenzetu wote walinawa miguu wakaenda kuota moto. Yeye akabaki jarubani na kipande cha mwanzi kilichotobolewa matundu ubavuni kama chujio, akakichomeka kwenye matope mpaka kikabaki kichwa tu nje.

"Cha nini hicho?" nikamuuliza.

"Cha kuchungulia, mama. Maji ya juu yakikauka, nitachungulia humu nione yaliyobaki chini ya udongo. Yakishuka kama shubiri hivi, ndipo tutamwagilia tena."

"Maji ya juu yakikauka? Nani atayaacha yakauke?"

"Mimi."

Nilicheka mpaka tambuu ikanipalia. Nimelima mpunga tangu nilipoolewa katika nyumba hii na sijawahi kuliacha jaruba likauke. Marehemu mume wangu alikuwa akisema shamba kavu ni sawa na kutoka nje bila nguo.

9 Magh

Kumbe mwalimu wake ni Rezaul, bwana shamba mpya, kijana wa miwani na pikipiki. Leo alikuja kutueleza. Maji yakituama muda mrefu, anasema, matope hukosa pumzi, na vinavyooza humo ndani hutoa hewa fulani inayopanda na kuifunika dunia kama blanketi, joto likazidi. Ukiliacha jaruba likauke mara kwa mara, hewa hiyo inapungua, na pampu nayo inakula umeme kidogo.

"Kwa hiyo mpunga wangu ndio unaochemsha dunia?" nikasema. "Si magari ya Dhaka?"

"Na magari pia, mama. Lakini magari ya Dhaka huendeshi wewe. Jaruba hili ni lako."

Ana mdomo kijana huyu. Nilimnyima chai. Mitu akampelekea mpaka kwenye pikipiki.

12 Magh

Mofazzal amekuja. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, na bwawa lake la samaki na shamba lake la mpunga vimepakana na shamba letu. Miaka yote amelitazama shamba hili kama paka anavyotazama jiko la mwenzake. Leo alikuja na simu mkononi, Anwar yuko hewani kutoka Malaysia, sauti imefunguliwa nyumba nzima isikie.

"Mama, mwachie baba mdogo achimbe bwawa hapo shambani," mwanangu akasema. "Samaki hawana usumbufu. Na huyo Shefali naambiwa anaukausha mpunga! Watu wananicheka mpaka huku."

Kabla sijafungua kinywa, Shefali akajibu kutoka jikoni.

"Tuvune kwanza. Mavuno yakipungua kuliko ya mwaka jana, baba mdogo achimbe. Yasipopungua, asilitaje tena shamba hili."

"Umesikia, shemeji?" Mofazzal akaniambia huku akitabasamu. "Shahidi ni wewe."

Nikasema nimesikia. Ningesema nini? Lakini usingizi haunipati vizuri. Shamba lile tulilinunua mimi na marehemu, jaruba baada ya jaruba, na kingo zake tulizipiga kwa mikono yetu. Bwawa likishachimbwa halirudi kuwa shamba. Sijaona hata moja lililorudi.

25 Magh

Jaruba limekauka. Nimeanza kupita njia ya nyuma.

3 Falgun

Udongo umepasuka nyufa za kuingia kidole. Kwenye kisima cha msikitini wanawake walikuwa wananingoja.

"Mama Anwar, mwaka huu mnalima mpunga au mnafyatua matofali?"

"Tumwazime maji kwenye birika, maskini!"

Nilicheka nao, ningefanyaje. Nilipofika nyumbani nikamfokea Shefali mpaka kuku wakakimbia uani. Alinishika mkono kama mtoto, akanipeleka shambani mchana kweupe watu wakitutazama, akaniinamisha kwenye ule mwanzi.

Nilichungulia. Maji yalikuwepo, karibu kabisa, yanang'aa gizani, na jicho langu mwenyewe lilikuwa linanitazama kutoka humo. Nilimwomba tu anisaidie kuinuka.

4 Falgun

Ushahidi mpya: magugu. Jaruba kavu linaota magugu kwa furaha. Tumepalilia kutwa nzima, mgongo wangu umekatika. Shefali alikuwa anaimba.

11 Falgun

Leo nimeona jambo.

Rezaul alikuja na mtungi wa kioo, akaingia kwenye shamba la Mofazzal lililojaa maji, matope hadi magotini, akaugeuza mtungi mdomo chini na kuanza kukanyagakanyaga matope. Mapovu yakapanda blubu blubu, akayakinga humo. Wanaume wakacheka, maana alikuwa kama mtu anayewinda chura. Kisha akauziba mtungi kwa kiganja, akatoka, akamwomba Mofazzal kiberiti, na alipoondoa kiganja mdomo wa mtungi ulishika moto. Mwali wa buluu, mfupi, pup! Ukazimika.

Kicheko kikaisha. Nironjon, mwendesha pampu wetu, akashika kifua.

"Taa za shetani," akasema. "Zile zinazowapoteza wavuvi kinamasini. Kumbe ndizo hizi?"

"Ndizo hizi, kaka," Rezaul akajibu. "Na zinatoka kutwa kucha katika kila shamba lenye maji yaliyotuama, toka hapa hadi mnapopajua na msipopajua."

"Sasa bwana shamba," Mofazzal akasema, "si ungenipa bomba nipikie chai?" Watu wakacheka tena, lakini nilimwona akirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye maji yake.

Kisha tukaenda jarubani kwetu. Rezaul akakanyaga, akakanyaga. Hakupata kitu cha kujaza hata kijiko. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuondoka pale.

19 Falgun

Umeme hakuna. Nimeshona shuka.

26 Falgun

Shefali aling'oa mche mmoja wa kwetu, akaomba mmoja kwa Mofazzal, akailaza sakafuni. Wa Mofazzal una mizizi mifupi, myeusi, inanuka. Wa kwetu una mizizi mirefu myeupe iliyotafuta maji chini. Nilisema, "Bahati tu." Nilipobaki peke yangu nikaipima mizizi ile kwa kiganja.

6 Choitro

Habari njema na balaa kwa pamoja. Wageni wa posa ya Mitu wanakuja keshokutwa kutoka ng'ambo ya mto. Kijana anayeposa ni mwalimu, na anayeongoza posa ni baba yake mkubwa, Mzee Hatem Ali, mkulima mwenye jina huko kwao. Njia yao inapita kando ya shamba letu. Na shamba letu leo ni kavu, limepasuka kama kisigino changu.

Nimemwambia Shefali, "Tulijaze maji siku hiyo moja tu."

"Mwanzi unaonyesha bado, mama."

"Mwanzi hauolewi!"

Akarudi jikoni. Mimi simlaumu, yeye hana binti wa kuoza.

8 Choitro

Naandika usiku, wote wamelala.

Jana mchana nilimfuata Nironjon kwenye kibanda cha pampu. Haikuwa zamu yetu. Nilimpa tambuu, nikamweleza habari ya posa.

"Mama Anwar, umeme leo uko chini sana," akaniambia. "Sikiliza mota inavyonguruma. Ingefaa niipumzishe."

"Wageni wanakuja kesho, Nironjon. Utampa mwanangu fedheha ukiwa umekaa hapo?"

Ana mabinti watatu. Aliifungulia. Maji yakaja shambani kwetu mchana kutwa hadi jioni, majaruba yote yakang'aa, na mimi nikasimama ukingoni nimefurahi kama bibi arusi. Shefali alikuja, akatazama, akasema neno moja tu: "Mpunga wetu haukuwa na kiu, mama."

Leo wageni wakaja. Mzee Hatem alitangulia, mkongojo mkononi, ndevu zimepakwa hina. Alipofika shambani akasimama. Nikajitayarisha kusifiwa.

"Ndilo hili?" akauliza.

"Ndilo, mzee wangu. Maji tele, kama unavyoona."

Uso ukamshuka. "Tuliambiwa kuna nyumba huku inakausha mpunga na mpunga unastawi. Nikamwambia mdogo wangu, posa hii naipeleka mimi mwenyewe, nikaone kwa macho yangu. Huko kwetu maji ya chini yanakimbia kila mwaka, visima vinakohoa mchanga." Akageuka kuendelea na safari. "Basi. Watu husema mengi."

Nilitamani ardhi inimeze. Nimelificha jambo lile lile lililowaleta! Shefali alikuwa nyuma yetu na sinia la tambuu. Kwa sauti ndogo akasema, "Mwanzi ule pale, babu. Maji haya ni ya jana tu, ni heshima yenu. Rudini wiki ijayo mtaona nyufa."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Walikula tambi za maziwa, wakamwona Mitu, wakaondoka vizuri. Nikamshukuru Mungu.

Hawajavuka hata daraja, Nironjon akaja anakimbia. Mota imeungua. Ilianza kutoa harufu jana jioni, leo mchana alipoiwasha ikatoa moshi, ikafa. Ni mota inayolisha mashamba yote ya upande huu wa kijiji, na mpunga wote unakaribia kuchanua.

Mpunga unaochanua bila maji hautoi kitu ila makapi. Hilo halihitaji bwana shamba.

9 Choitro

Kibanda cha pampu kilizungukwa na watu tangu asubuhi. Fundi wa mjini amesema nyaya za mota zinasukwa upya, na kuna foleni. Tusubiri wiki mbili, labda zaidi. Mwanamke mmoja alikuwa analia waziwazi.

"Ni umeme," Nironjon alikuwa akirudia. "Ulikuwa chini."

Mofazzal alikuwa amemshika shati. "Uliiwasha kwa ajili ya nani? Zamu ya juzi haikuwa ya mtu!"

Nironjon akatazama chini. Hakunitaja. Mwanamume yule angepoteza kazi yake, na hakunitaja.

"Mwachie," nikasema. "Mota nimeiunguza mimi. Nilitaka wageni waone maji."

Nilingoja matusi, na mengine yalikuja, na ya haki. Kisha Shefali akapanda juu ya ukingo wa mfereji, ushungi umefungwa kiunoni. Mtoto wa watu anayenong'ona mezani, sijui sauti ile ilitoka wapi.

"Mto wa nyuma una maji ya kufika magotini," akasema. "Mashine ndogo ya dizeli ingeweza kuyavuta. Hayatoshi kujaza mashamba yote, lakini hatuhitaji kujaza. Kila shamba liwekwe mwanzi. Linalochanua linywe kwanza. Mengine yangoje mpaka mwanzi useme."

"Na mashine yenyewe iko wapi?" Mofazzal akauliza. "Au nayo tutaichungulia kwenye mwanzi?"

Jibu la hilo nililipata mimi. Nilichukua simu ya Mitu, nikampigia Mzee Hatem Ali, mtu ambaye sijui kama atamtaka binti yangu kwa kijana wao, nikamweleza kila kitu, pamoja na upumbavu wangu.

"Ninayo mashine," akasema. "Nitaileta mwenyewe. Lakini huyo mkaza mwana wako anifundishe."

10 Choitro

Mzee amefika na mashine juu ya mkokoteni. Leo kijiji kizima kimekata mianzi. Wanaume wanatoboa kwa nondo ya moto, watoto wanakimbiza shambani, na wale wale wa kisimani walioniuliza habari ya matofali walikuja kuniuliza matundu yawe makubwa kiasi gani. Nikawaonyesha kwa kidole, kama vile nilikuwa nayajua tangu utotoni.

13 Choitro

Mashine inakohoa kutwa. Shefali anatembea shamba hadi shamba na kijiti mkononi, anakichovya kwenye kila mwanzi. Miguu imemvimba. Nimempaka mafuta ya haradali, akalala kabla sijamaliza mguu wa pili.

17 Choitro

Joto kali. Mpunga wetu umeanza kuchanua, na jaruba letu likanywa kwa zamu yake kama mengine.

Mchana Mofazzal akaja shambani kwa ghadhabu, kanzu yake nyeupe ya Ijumaa mwilini. Shamba lake limekauka juu kwa siku mbili na halijawahi kukauka tangu alipolirithi.

"Mnaniua makusudi!" akapiga kelele. "Unataka mavuno yangu yawe chini ya yako!"

"Chovya kijiti, baba mdogo," Shefali akamjibu. "Mpunga wako bado haujachanua. Chovya, na kikitoka kikavu mashine inahamia kwako sasa hivi."

Akavuka hadi shambani kwake, akapiga magoti udongoni na kanzu yake. Alichovya. Kijiti kikatoka kimelowa karibu hadi juu. Alichovya tena, pale pale, kisha akabaki amepiga magoti akikitazama.

"Maji yapo," akasema, taratibu.

Watu walicheka. Mimi sikucheka, na jambo hili limenishangaza mwenyewe. Niliona alivyokishika kijiti kile kwa mikono miwili. Mwaka wa ukame mkubwa, yeye bado kijana, mpunga wao wote uligeuka makapi, na marehemu mume wangu alinisimulia walivyokula majani ya mboga pori. Nilidhani Mofazzal ana tamaa tu. Kumbe mtu huyu anaogopa ardhi kavu kuliko anavyoogopa kaburi, ndiyo maana anataka kila kitu kiwe bwawa. Nimempelekea tambuu. Ameipokea.

21 Choitro

Zamu ya Mofazzal ilifika jioni. Alikwenda kuchungulia mwenyewe kabla hajaitwa.

27 Choitro

Mota imerudi. Hakuna shamba hata moja lililogeuka makapi. Narudia kuandika kwa sababu inanipendeza: hakuna hata moja. Nironjon alipoiwasha, watu walipiga vigelegele, kisha mmoja mmoja wakaenda kwanza kutazama mianzi yao, na wengi wakamwambia azime.

1 Boishakh

Mwaka mpya. Tumekula wali wa maji na pilipili na kitunguu. Mzee Hatem ametuma ndugu: Mitu ametakiwa. Nimelia, nikacheka, nikamfokea Mitu kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine karibu wa kumfokea.

9 Boishakh

Dhoruba. Mawingu meusi yalishuka kutoka kaskazini magharibi saa ya alasiri, upepo ukang'oa bati la zizi, na mvua ya mawe ikaanza. Masuke yamejaa, karibu kuiva. Shefali na mimi tulisimama mlangoni tumeshikana mikono, na sikumbuki nani alimshika mwenzake kwanza. Nilisema, "Mungu, si mwaka huu. Nichukulie zizi zima."

Ilipotulia tulikimbia bila viatu. Mpunga ulikuwa umeinama hadi kiunoni, wote, upande mmoja. Lakini haukulala. Ile mizizi mirefu ilikuwa imeshika. Shefali akaketi ukingoni ndani ya tope akalia, nami nikaketi karibu yake, na kwa mara ya kwanza tangu aje nyumbani kwangu sikutafuta neno la kumrekebisha.

10 Boishakh

Tumepigilia bati la zizi.

19 Boishakh

Tumevuna, tumepura. Mofazzal alikuja uani kama tulivyokubaliana, na majirani wakaja bila kukubaliana na mtu. Rezaul alikuwepo na miwani yake. Tulipima kapu kwa kapu, Nironjon akihesabu kwa sauti.

Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na rundo. Nilikuwa najua hesabu ya mwaka jana kama ninavyojua majina ya wanangu. Makapu yalipokaribia hapo, majirani wakasogea karibu. Nironjon akaitaja hesabu ya mwaka jana. Kisha sote tukatazama chini, na rundo lililobaki lilikuwa bado linanifika magotini.

"Limebaki, shemeji," Mofazzal akasema.

"Limebaki."

Akasimama akilitazama. Aliokota punje moja, akaimenya kwa kucha, akaitafuna. "Na maji mmetumia nusu ya niliyotumia mimi," akasema. Kisha akamgeukia Shefali mbele ya watu wote. "Shamba silitaji tena. Lakini kiangazi kijacho usinipe mwanzi uliobaki mwisho. Nataka wa kwanza, ulionyooka."

Rezaul alisema vipimo vyake vimeonyesha ile hewa ya moto imepungua sana shambani kwetu, karibu nusu. Nikamwambia awapigie simu wa Dhaka, sasa zamu ni yao. Nikampa chai mwenyewe, na maziwa.

Wenye mashamba wakakubaliana pale pale: mwaka ujao mwanzi kila shamba, na anayepanga zamu za maji ya pampu ni Shefali. Hakuna mwanamke aliyewahi kupanga maji katika kijiji hiki. Mofazzal ndiye aliyelitoa wazo, na mimi ndiye niliyepiga kelele nyingi kuliko wote.

20 Boishakh

Asubuhi Anwar akapiga simu. Nilikuwa kibarazani na Mofazzal, tunakunywa chai.

"Mama, mmepima? Baba mdogo anaanza kuchimba lini?"

"Kuchimba nini?"

"Bwawa, mama! Hebu nipe baba mdogo tuzungumze habari za shamba."

Mofazzal akanyanyua mikono yote miwili kama mtu aliyeshikiwa bunduki, akatikisa kichwa.

"Shamba lina mwenyewe," nikamwambia mwanangu. "Subiri nimuulize kama ana nafasi."

Shefali alikuwa uani anapepeta, makapi yamemjaa nywele na nyusi, na wanawake wa kisimani wamemzunguka na nyungo zao. Nikamwita. Nikamwambia mumewe yuko kwenye simu, anataka habari za shamba.

"Mwambie nina kazi, mama," akasema bila kuusimamisha ungo. "Nitampigia jioni."

Nikamwambia hivyo hivyo, neno kwa neno, nikakata simu.